Skrini nyeusi na betri isiyochaji: uchambuzi wa kisa cha kipakatalishi kimoja jijini Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu kipakatalishi kilicholetwa katika karakana yetu, katikati ya jiji la Nairobi, katika wiki ya tatu ya mwezi wa Juni. Mwenyewe ni mama anayeendesha kibanda cha huduma za mtandao katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji, na kazi yake kubwa msimu ule ni kuwasaidia watu kuwasilisha ritani zao za ushuru kwenye mfumo wa iTax kabla ya makataa ya tarehe 30 Juni. Jina lake, mtaa wake, muundo wa mashine na karakana nyingine itakayotajwa humu nimeviondoa kwa makusudi. Nimebakiza vipimo na mfuatano wa matukio, kwa kuwa humo ndimo mafundi wenzangu, hasa wanaoanza, watakamopata cha kuwafaa.

Mashine ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, miongoni mwa zile zinazoletwa kutoka Uingereza. Ilikuwa na skrini ya inchi 14, betri ya ndani ya seli tatu yenye uwezo wa kiwandani wa wati-saa 42, na chaja ya volti 19.5 na wati 65. Kuna jambo moja la kiufundi ambalo msomaji anapaswa kulijua tangu mwanzo. Plagi ya chaja za aina hii ni ya mviringo, na katikati yake mna pini nyembamba. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendeshea mashine. Hupitisha ujumbe tu. Ndani ya chaja mna chipu ndogo inayoijulisha mashine kwamba hii ni chaja ya wati kadhaa, na ujumbe huo usipofika, mashine hukubali kuwaka lakini hukataa kuchaji betri, tena hupunguza kasi ya prosesa ili isivute umeme mwingi kutoka kwa chaja isiyoijua.

Malalamiko yalivyopokelewa

Mama huyu alieleza mambo matatu kwa mkupuo. Betri ilikuwa imeacha kuchaji: alama ya plagi ilionekana kwenye skrini lakini asilimia haikupanda, na chaja ikichomolewa mashine ilizimika ndani ya dakika kumi. Mashine yenyewe ilikuwa imekuwa nzito, hata ukurasa mmoja wa iTax ulichelewa kufunguka. Na sasa skrini ilikuwa nyeusi kabisa, ingawa feni ilisikika ikizunguka na taa ya kibodi iliwaka. Siku chache kabla alikuwa ameipeleka kwa fundi mwingine, aliyeifungua, akapima, akasema betri inasoma sifuri, kwamba ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba sakiti za mashine, umekufa, na kwamba ubao mwingine ungegharimu shilingi 18,000.

“Fundi, kama ni bodi niambie mapema nijue nikope wapi,” alisema. Nilimjibu, “Mama, usikope bado. Nipe leo nipime.” Kuanzia hapo tuliamua kwamba hakuna kifaa kitakachonunuliwa kabla ubovu wa kile kilichopo haujathibitishwa kwa kipimo, hata kama muda ulikuwa unatubana.

Katika fomu ya kupokea kazi niliandika hivi: “Skrini ilizimika baada ya mashine kufunguliwa na fundi mwingine.” Sikuuliza ni muda gani baada ya kufunguliwa. Sentensi hiyo fupi ilitugharimu siku nzima, na nitaeleza jinsi gani.

Matukio kwa mfuatano

Hatua ya kwanza ilikuwa kuunganisha mashine na monita ya nje kwa kebo ya HDMI, kabla hatujagusa skrubu hata moja. Picha ilitokea safi, bila mistari wala kutikisika. Kipimo hicho hakigharimu chochote na huchukua dakika mbili, lakini kilikuwa kimeshatuambia kwamba prosesa, kumbukumbu na sehemu ya kuchora picha zilikuwa zinafanya kazi, na kwamba maneno ya ubao mama uliokufa yalihitaji kutiliwa shaka.

Kwa kuwa monita ilikuwa inaonyesha, tulimwita mwenyewe akae mbele yake na kunakili mafaili yake kwenye diski ya nje kwa mkono wake. Mafaili hayo yalikuwa na nambari za vitambulisho na PIN za ushuru za wateja wake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu yeye na inatuhusu sisi. Hatukumwomba nywila. Kazi yote ya kupima iliyohitaji mfumo tuliifanya kwa Linux, mfumo endeshi mwingine uliowashwa kutoka kwenye flashi, na diski ya mashine hatukuifungua.

Mashine ilipokuwa inawaka, monita ilionyesha ujumbe ambao skrini nyeusi ilikuwa imeuficha: aina ya chaja haikutambuliwa, bonyeza kitufe uendelee. Tulipomuuliza, alisema kuwa ujumbe huo alikuwa akiuona kila asubuhi kwa wiki tatu, akibonyeza kitufe na kuendelea. Ulianza alipobadilisha chaja, kwa sababu waya wa ile ya zamani ulikuwa umekatika karibu na plagi. Hapo malalamiko mawili kati ya matatu, betri kutochaji na mashine kuwa nzito, yalianza kuonekana kama mambo yenye chanzo kimoja.

Tulisoma hali ya betri kupitia Linux. Uwezo wake wa kujaa ulikuwa umeshuka hadi wati-saa 15.1, yaani takriban asilimia 36 ya uwezo wa kiwandani. Tulihakikisha pia kwamba hakuna kikomo cha kuchaji kilichowekwa kwenye mipangilio ya mashine, maana baadhi ya vipakatalishi huwa na kikomo cha asilimia 80 ambacho mtu akikisahau hudhani betri imeharibika. Hakikuwapo.

Kisha tukazima taa ya meza na kuielekeza tochi kwenye skrini nyeusi kwa mshazari. Picha ilionekana kwa mbali, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Hii ina maana kwamba skrini ilikuwa inapokea picha na kilichokosekana ni taa ya nyuma tu. Tofauti hiyo ni kubwa. Skrini isiyopokea picha inaweza kuwa na matatizo kumi. Skrini yenye picha bila taa huwa na machache, na mengi kati ya hayo yako kwenye njia moja ya umeme inayotoka kwenye ubao mama, kupita kwenye fyuzi ndogo, kuingia kwenye kebo ya skrini na kufika kwenye taa.

Tulipofungua kifuniko cha chini tuliona jambo lililobadilisha mpangilio wa kazi. Betri ilikuwa imevimba. Seli ya katikati ilikuwa imeinuka kama andazi na kusukuma padi ya kugusa kutoka chini, na ndiyo sababu padi hiyo, kama mwenyewe alivyokumbuka alipoulizwa, ilikuwa imekataa kubonyezeka tangu karibu na Pasaka. Betri ya lithiamu iliyovimba haipaswi kubonyezwa, kutobolewa wala kuendelea kuchajiwa. Tuliichomoa, tukaing’oa polepole kwa kadi ya plastiki na si kwa bisibisi, tukaiweka nje ya karakana ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu.

Baada ya hapo tulishughulikia njia ya chaja. Chaja yake mpya ilitoa volti 19.6, kwa hiyo umeme ulikuwapo. Tulipoweka chaja ya karakana, ambayo tunajua inatambulika, mashine iliitambua plagi ikiinuliwa kidogo na kuikana ikiachwa ining’inie. Ubovu basi ulikuwa kwenye tundu la chaja lenyewe, mahali ambapo pini ya katikati inaguswa. Kwa bahati njema, katika muundo huu tundu hilo halijalehemiwa kwenye ubao. Lina kijikebo chake kinachochomekwa, na kulibadilisha ni kazi ya dakika ishirini. Tundu jipya lilipowekwa, chaja yetu ilitambulika kila mara na prosesa ikarudi kwenye kasi yake.

Ikabaki taa ya skrini. Upande wa kuingilia wa fyuzi ulisoma volti 19.4 na upande wa kutokea ukasoma sifuri, na mashine ilipozimwa fyuzi haikupitisha umeme kwenye kipimo cha mwendelezo. Ilikuwa imeungua. Kabla ya kuweka nyingine nilipima ukinzani kati ya upande wa kutokea na ardhi, yaani upande hasi wa sakiti, kifuniko kikiwa wazi kama kawaida, nikapata namba kubwa isiyoashiria shoti, yaani umeme kupita njia ya mkato. Nikajiridhisha. Katika akili yangu kisa kilikuwa kimekamilika: fundi aliyetangulia alichomoa kebo ya skrini betri ikiwa bado imeunganishwa, jambo ambalo kweli huunguza fyuzi hii mara kwa mara, na skrini ikazimika baada ya yeye kuifungua, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye fomu. Nikalehemu fyuzi mpya ya kiwango kilekile. Skrini ikawaka, tukaiangalia kwa nusu saa. Jioni nikafunga kifuniko ili niiweke kabatini, nikakifungua tena kwa uhakika wa mwisho, na skrini ikawa nyeusi.

Asubuhi ya pili, kabla ya kushika maltimita, nilimpigia mama simu na kumuuliza lile swali nililopaswa kumuuliza mwanzo. “La, fundi, yule aliponirudishia niliifanyia kazi siku mbili,” alijibu. “Ilizimika asubuhi nikiifungua. Na kabla hapo ilikuwa inapepesa nikisogeza kioo.” Nilirudi kwenye meza na kupima ukinzani uleule, safari hii nikisogeza kifuniko taratibu. Kikiwa wazi, namba ilikuwa kubwa. Kilipokaribia kufungika, kufikia nyuzi 40 hivi, namba ilianguka karibu na sifuri. Tulipofungua fremu ya skrini tuliikuta kebo imechubuka mahali inapopita kwenye bawaba ya kushoto. Skrubu mbili za bawaba hiyo zilikuwa zimelegea, na kila kifuniko kilipofunguliwa bawaba ilikuwa inaisaga kebo.

Kebo mpya ilitafutwa katika maduka ya Luthuli Avenue. Ya kwanza tuliyopewa ilifanana na ya zamani kwa urefu na umbo, lakini ilikuwa ya pini 40 na yetu ni ya pini 30. Tuliirudisha na kusubiri siku mbili ili ipatikane yenye namba ileile iliyochapwa kwenye ya zamani. Siku ya tano, chaja ikiwa imechomolewa, betri haipo, na kitufe cha kuwashia kikiwa kimebonyezwa kwa sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe, tuliweka kebo, fyuzi nyingine, na skrubu za bawaba zenye gundi ya kuzuia kulegea. Betri mpya ilipowekwa, mashine haikuonyesha asilimia yoyote hadi chaja ilipochomekwa. Kisha ikaamka na kuanza kujaa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza mzito ulikuwa kuondoa betri iliyovimba siku ileile, ingawa mteja hakuja kwa ajili hiyo na ingawa hatukuwa na nyingine ya kuweka. Hapo sikuona nafasi ya kujadiliana. Mashine hiyo hubebwa kwenye matatu, ndani ya mkoba, katikati ya watu.

Uamuzi wa pili ulitokana na wa kwanza. Ritani zilikuwa zinamsubiri, na kebo ilikuwa haijapatikana. Tulimruhusu aondoke na mashine jioni ya siku ya pili ikiwa haina betri, ikitumia chaja yetu, pamoja na monita tuliyomwazima. Tulimweleza kwamba umeme ukikatika mashine ingezimika papo hapo, na tukamsihi ahifadhi kazi kila baada ya hatua. Hata hivyo hatukumpa kifaa chochote cha kuhifadhi umeme, na kwa Nairobi hilo lilikuwa pengo ambalo tungeliona mapema kama tungefikiri vizuri.

Uamuzi wa tatu ulihusu fyuzi. Kijana wetu wa karakana alipendekeza, baada ya fyuzi ya kwanza kuungua, kwamba tuunganishe pande mbili kwa kipande cha waya ili kazi iishe. Wapo wengi wafanyao hivyo na mashine ikaondoka ikiwa inawaka. Nilikataa, nikamwonyesha sababu kwenye mashine yenyewe: kebo ilikuwa na shoti, na kama pasingekuwa na fyuzi, umeme wa volti 19 ungetafuta mahali pengine pa kuunguza, yaani njia nyembamba za shaba kwenye ubao mama. Hapo ndipo maneno ya ubao mama uliokufa yangekuwa ya kweli, na sisi ndio tungekuwa tumeuua.

Matokeo

Mashine ilirejeshwa ikiwa kamili tarehe 26 Juni, na ritani zake zote aliziwasilisha kabla ya makataa. Katika siku zile alizoitumia bila betri, umeme ulikatika mara moja, na fomu moja aliyokuwa ameijaza nusu ilipotea. Mteja wa fomu hiyo ilibidi arudi siku iliyofuata. Gharama yote, yaani tundu la chaja, kebo, betri, fyuzi na ufundi, ilifika shilingi 10,800. Fyuzi iliyoungua mikononi mwetu na kazi yake hatukuvihesabu.

Aliporudi mwezi wa Septemba kwa shughuli nyingine tulisoma betri tena. Uwezo wake wa kujaa ulikuwa wati-saa 41.3. Kwa kuwa mashine hukaa kwenye chaja mchana kutwa, na betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa pomoni huku ikipata joto la mashine, tulikuwa tumemwekea kikomo cha kuchaji cha asilimia 80, naye hakuwa ameona upungufu wowote katika kazi yake. Betri ya zamani tuliipeleka kwenye kituo cha kukusanya taka za kielektroniki.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuyatenganisha malalamiko. Mteja alikuja na mashine moja iliyoharibika, na ni rahisi kwa fundi kutafuta chanzo kimoja kinachoeleza kila kitu. Ubao mama ndio chanzo kinachopendwa, kwa sababu kila waya unaishia hapo. Ukweli ulikuwa makosa matatu yasiyohusiana, ambayo yalikutana ndani ya mashine moja kwa sababu ya matumizi mazito: tundu la chaja lisilopeleka ujumbe, betri iliyochakaa na kuvimba, na kebo iliyosagwa na bawaba. Hebu tujiulize ingekuwaje kama ubao mama ungebadilishwa kwa zile shilingi 18,000. Skrini ingewaka, kwa kuwa ubao mpya ungekuja na fyuzi nzima, na kila mtu angeamini kazi imefanyika. Kisha kifuniko kingefungwa mara moja au mbili, kebo ileile ingeunguza fyuzi ya ubao mpya, chaja ingeendelea kutotambulika kwa kuwa tundu ni kifaa cha pembeni, na betri ingeendelea kuvimba chini ya viganja vya mwenyewe.

Kuhusu betri iliyosoma sifuri, nadhani nafahamu kilichotokea. Betri nyingi za vipakatalishi zina sakiti ya ulinzi ambayo hufunga njia ya umeme betri inapochomolewa, na haifungui hadi ihisi imechomekwa kwenye mashine. Ukiipima ikiwa mezani utapata sifuri, au karibu na sifuri, hata kama seli zake zina umeme. Betri mpya tuliyonunua nayo ilisoma sifuri mezani. Kwa hiyo kipimo kilikuwa sahihi na tafsiri yake ndiyo haikuwa sahihi, na ni kosa ambalo nami nimewahi kulifanya katika miaka yangu ya mwanzo.

Kilichoharibika upande wetu ni kwamba nilipima kebo katika mkao mmoja tu. Kebo ya skrini ni sehemu inayotembea. Kuipima ikiwa imetulia ni sawa na kumpima mgonjwa wa goti akiwa amelala. Lakini sababu ya kutosheka na mkao mmoja haikuwa uvivu. Nilikuwa nimeshampata wa kulaumiwa. Nilijua kuwa kuchomoa kebo bila kuondoa betri huunguza fyuzi, nilijua kuwa kuna fundi aliyeifungua, na neno “baada” nililoliandika mwenyewe kwenye fomu nilikuwa nimeanza kulisoma kama “kwa sababu”. Siku mbili za matumizi zilizokuwa katikati zinamwondolea mwenzangu lawama hiyo. Kwenye fomu yetu sasa, chini ya kila tatizo, pana nafasi tatu za kujazwa: lilianza lini, lilitanguliwa na nini, na kati ya hayo mawili mashine ilifanya kazi muda gani.

Limebaki suala la ile chaja mpya. Pini yake ya katikati ilikuwa imepinda kidogo, na tundu la zamani, tulipolipasua, lilikuwa na kigusio kilichosukumwa upande mmoja. Inawezekana chaja ndiyo iliyoharibu tundu. Inawezekana pia tundu lilikuwa limeanza kulegea tangu wakati wa chaja ya zamani, ambayo waya wake ulikatika hapohapo penye plagi, na likaipindisha pini ya ile mpya. Kwa ushahidi tulionao hatuwezi kuamua. Tulimweleza mwenyewe hivyo, tukamwomba asiichomeke tena kwenye tundu jipya, naye alituachia tuikate plagi yake mbele ya macho yake.